Maji meupe, mtoto anaharisha: tufuate maji kutoka chemchemi hadi kikombe

SEHEMU YA 1: MEUPE SIYO SALAMA

Nawaandikia mama zangu wa Kasulu na Kibondo, na ninyi wa Buhigwe na Kakonko mnaonisoma. Akina baba mnaosoma kimyakimya nawaona pia. Leo msikimbie, kuna sehemu yenu.

Mvua zimeshika. Sisi wa zahanati tunaijua mvua kwa kuangalia benchi. Kiangazi benchi linajaa vikohozi na macho mekundu ya vumbi. Mvua za Novemba zikishanyesha wiki mbili tatu, benchi linabadilika: mama amebeba mtoto, kitenge kimelowa, mtoto amelegea, midomo mikavu. Nauliza umri, nauliza ameanza lini, nauliza kama ananyonya. Halafu nauliza, "Nyumbani mnakunywa maji gani?"

Jibu ninalolipata kuliko mengine yote ni hili: "Maji yetu mazuri, nesi. Ya bondeni, ya chemchemi. Meupe kabisa."

Na mama hadanganyi. Nimefanya kazi Kibondo, sasa niko upande wa Kasulu, na hayo maji nimeyaona. Yanatoka kwenye miamba yakiwa baridi, unaona mpaka mchanga wa chini. Ukiyalinganisha na maji ya bomba ya miji mingi midogo, ambayo mvua ikinyesha yanakuja na rangi ya chai ya maziwa, unaweza kuapa kwamba ya chemchemi ndiyo salama.

Sasa hapo ndipo naomba tuelewane. Neno "safi" tunalitumia kwa macho. Lakini vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu na hata vya kipindupindu havina rangi, havina harufu, havina ladha. Glasi ya maji meupe inaweza kuwa imebeba maelfu ya vijidudu na bado ukauona uso wa mwanao upande wa pili. Na maji ya rangi ya udongo, yakituama, yakachujwa na kuchemshwa, yanaweza kuwa salama kuliko hayo meupe.

Kwa nini nashupaa hivi? Kwa sababu mtoto hana akiba. Mtoto wa kilo 8 akipoteza kama mililita 800 za maji mwilini, yaani hata lita moja haijatimia, yuko kwenye hatari kubwa. Wewe na mimi tunaweza kuharisha kutwa nzima tukalala tukaamka. Yeye anaweza kuwa mzima asubuhi, jioni tukawa tunatafuta mshipa wa kumtundikia dripu. Shirika la Afya Duniani linasema kuhara kunaua zaidi ya watoto laki nne wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Wengi wao hawakuhitaji dawa ya ajabu. Walihitaji maji salama, choo, na kuwahishwa.

Kwa hiyo katika mfululizo huu nataka tuyafuate maji kwa miguu. Tuanzie juu kwenye chemchemi, tushuke na kijito, tubebe dumu, tuingie jikoni, tufike mpaka kwenye kikombe cha mtoto. Kila tutakaposimama tuulizane: hapa yanachafuka vipi, na nani anaweza kuzuia?

SEHEMU YA 2: KIJITO KINA WATU WA JUU NA WATU WA CHINI

Twende bondeni siku ya Jumamosi. Unapajua, si ndiyo?

Pale juu kidogo kuna aliyeloweka muhogo kwenye dimbwi la pembeni ya kijito, siku ya tatu leo, harufu unaipata kabla hujafika. Chini yake akina dada wanafua, mapovu yanaondoka na maji. Vijana wa bodaboda wameingiza pikipiki ndani kabisa, wanaosha, oili inatengeneza rangi za upinde juu ya maji. Ng'ombe wanakunywa na kujisaidia hapohapo. Kuna bustani ya nyanya na kabichi iliyoshuka hadi ukingoni, na mwenye bustani akimaliza kupulizia dawa anasuuza bomba lake la mgongoni mtoni. Kwenye majani ya pembeni kuna pampasi zimefungwa kwenye mfuko mweusi. Na hatua mia mbili chini, mtoto wa miaka saba anateka maji ya kupikia uji wa mdogo wake.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeamka asubuhi akitaka kumuua mtoto wa mtu. Kila mmoja anaona maji yanatembea, basi anaamini uchafu umeenda. Ni kweli umeenda. Umeenda kwa jirani.

Na huyo jirani naye ana jirani. Maji ya mabonde ya Kasulu yanaingia mto Ruchugi, Ruchugi unaungana na Malagarasi kule Uvinza, na Malagarasi unamwaga Ziwa Tanganyika. Ukisafiri kutoka Kibondo kuja Kasulu unauvuka huohuo Malagarasi. Ardhi oevu yake, Malagarasi-Muyovozi, iliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima, ya kwanza kwa Tanzania. Yaani kijito unachokiruka kwa hatua mbili ni mwanzo wa maji makubwa.

Wengine mtasema: maji mengi hivyo, uchafu kidogo utafanya nini? Kumbukeni Kagunga, Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia kijiji kile kidogo cha ufukweni, mpakani kabisa, nyuma mlima, mbele ziwa. Walilala nje, vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa hilohilo. Kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua na watu zaidi ya 30 walifariki, huku MV Liemba ikiwasogeza kwa awamu kwenda Kigoma mjini, na mabasi yakiwaleta Nyarugusu, hapa kwetu Kasulu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, ni la pili duniani kwa kina. Wingi wote ule wa maji haukuwasaidia, kwa sababu mahali pa kuchota na mahali pa kujisaidia palikuwa pamoja.

Kijito chako kina kina cha magoti.

SEHEMU YA 3: VICHUPA VITANO

Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto wa miezi tisa aliyeletwa mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Mara ya kwanza tulimpa maji ya chumvichumvi na zinki, akapata nafuu. Akarudi. Mara ya tatu niliangalia kadi ya kliniki: mstari wa uzito ambao ulikuwa unapanda vizuri ulikuwa umeanza kushuka. Mama yake ni mwanamke msafi, nguo za mtoto zimepigwa pasi. Akaniambia yaleyale, maji ya chemchemi, meupe.

Nilimwomba ruhusa twende tuyaone. Tulikwenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji kile, pamoja na afisa afya, ambaye alikuwa na vichupa vya kupimia. Ni vitu rahisi: unaweka maji, unafunga, unakiacha kichupa mahali penye joto siku moja hadi mbili. Maji yakigeuka meusi, ni dalili kwamba yameingiwa na vijidudu vya kinyesi.

Tukajaza vitano. Cha kwanza pale yanapotoka kwenye jiwe. Cha pili kwenye kidimbwi cha kutekea, hatua kama kumi chini yake, kwa sababu pale juu dumu haliingii. Cha tatu kutoka kwenye dumu la lita 20 lilipofika nyumbani. Cha nne kutoka kwenye mtungi wa ndani. Cha tano kutoka kwenye kikombe cha mtoto.

Siku mbili baadaye tulirudi tukavipanga juu ya kigoda, mama, bibi na majirani wawili wakiangalia. Cha kwanza kilibaki cheupe. Vingine vyote vinne vilikuwa vyeusi kama masizi.

Bibi akavishika kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga. Akasema, "Kwa hiyo mwanangu, tunabeba ugonjwa kichwani tunauleta wenyewe nyumbani?"

Nikamwambia ugonjwa hawakuutaka wala hawakuuona, ila njia yake sasa tunaiona. Kidimbwi kinaingiwa na miguu ya watu na ya mbuzi, na mvua inasomba kila kilichoko kwenye mteremko. Dumu lilikuwa na utando wa kijani ndani, huwa linazibwa kwa gunzi au majani. Mtungi ulifunikwa vizuri, lakini kila mtu anachota kwa kopo lake, na vidole vinaingia. Kikombe cha mtoto kilioshwa vizuri, kwa maji yaleyale ya mtungi.

Jambo hili si la nyumba ile tu. Watafiti wameliona katika nchi nyingi: maji yanatoka kwenye chanzo yakiwa mazuri, yanafika kinywani yakiwa mabaya. Kwa hiyo hata siku serikali ikikuletea bomba mlangoni, bado dumu, mtungi na kopo ni vyako.

Bibi yule alitukumbusha jambo jingine. Alisema zamani, akiwa binti, walikuwa wanakaa vikundi kusikiliza redio, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Ilikuwa kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyowafikia karibu watu wazima milioni 2 nchi nzima. "Tulijua haya," akasema. "Tumeacha tu kuyasemea."

SEHEMU YA 4: "NI KINYESI CHA MTOTO TU"

Hii itawaudhi baadhi yenu, lakini nivumilieni.

Kuna mambo mawili ninayoyasikia kila wiki. La kwanza: "Kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina shida." La pili: "Anaharisha kwa sababu meno yanaota."

Tuanze na la kwanza. London, Uingereza, mwaka 1854, kipindupindu kiliua watu 616 katika mtaa mmoja na maeneo yake. Watu wa pale walikuwa wanachota maji kwenye pampu ya barabara iitwayo Broad Street. Maji yake yalisifika kwa kuwa meupe na matamu. Mama mmoja mjane aliyekuwa amehamia mbali aliagiza aletewe maji hayohayo kwa sababu aliyapenda. Akaugua, akafa. Daktari John Snow aliwafuatilia wagonjwa nyumba kwa nyumba, akaona wengi wamekunywa kwenye ile pampu, na mwezi Septemba mpini wake ukang'olewa. Baadaye uchunguzi ulionyesha chanzo: katika nyumba iliyo jirani na kile kisima kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha. Mama yake alifua nepi, akamwaga maji kwenye shimo la uchafu. Shimo lilikuwa linavuja, na kutoka pale mpaka kisimani haikufika hata mita moja.

Mama yule hakujua. Mwaka 1854 hata madaktari wengi walikuwa wanaamini ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Sisi leo tunajua. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima, na akiwa anaharisha kinakuwa na vingi zaidi. Kwa hiyo kinyesi cha mtoto kiende chooni. Maji ya kufulia nepi yamwagwe chooni au kwenye shimo lililo mbali na chanzo, siyo kijitoni. Pampasi zisitupwe bondeni: kinyesi kikung'utiwe chooni, pampasi ifukiwe kwenye shimo la taka. Na ukimaliza kumtawaza mtoto, nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika mwiko au titi.

La pili, meno. Meno yanaota miezi ileile ambayo mtoto anaanza kutambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, na anaanza kula uji na kunywa maji. Ndiyo maana vinaonekana vimekuja pamoja. Kinachomharisha si jino.

Nimewahi kumpokea mtoto aliyeharisha siku nne nyumbani wakisubiri meno yatoke. Alifika utosi umezama, ngozi ya tumbo ukiivuta inachelewa kurudi, macho hayafuati kitu. Hatukuweza kumwokoa. Mama yake alikuwa anauliza, "Ni meno tu, si ndiyo, nesi?" Sitaki mama mwingine aniulize swali hilo akiwa amechelewa.

SEHEMU YA 5: YA JIKONI KWAKO

Haya, karatasi na kalamu. Au piga picha ukurasa.

Mtoto wa chini ya miezi sita: maziwa ya mama tu. Hata tone la maji hahitaji, hata jua liwe kali kiasi gani. Maziwa yako yana maji ya kumtosha. Kila kijiko cha maji unachompa katika umri huo ni nafasi ya ugonjwa.

Maji ya tope: yaache yatuame usiku kucha, yamimine taratibu ukiacha tope chini, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Hapo hayajawa salama bado, yamekuwa tayari kutibiwa. Usiweke dawa kwenye maji ya tope ukadhani umemaliza, tope linaipunguzia dawa nguvu.

Kuchemsha: yatokote kabisa, mapovu makubwa yakipanda kwa dakika nzima. Yafunike, yapoe kwenye chombo hichohicho. Yakipoa usiyahamishie kwenye dumu chafu, utakuwa umechoma kuni bure.

Kuni hazipo? Najua. Kuni zimekuwa mbali, na mkaa ni pesa. Tumia dawa ya kutibu maji, ya maji au ya vidonge. Soma kipimo kwenye chupa au pakiti kwa sababu vinatofautiana, koroga, subiri dakika 30. Ile harufu ndogo ya dawa isiwatishe. Watu wa nyumba ya vichupa vitano walilalamika wiki ya kwanza, ya pili wakazoea.

Pesa nayo hakuna? Tumia jua. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, zioshe, zijaze maji yasiyo na tope, zifunge, zilaze juu ya bati kwenye jua la wazi saa 6. Siku ya mawingu ziache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, njia hii usiitegemee.

Kutunza: chombo chenye mfuniko na koki ndicho bora. Kama huna, mimina kwa kuinamisha, au weka kata moja yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani, na asichote mwingine kwa kopo lake. Dumu lisuguliwe ndani kwa changarawe na sabuni kila wiki, na liwe na kifuniko chake. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba lisibebe maji ya kunywa kamwe, hata ukilisuuza mara mia.

Kunawa: tundika kibuyu chirizi karibu na choo na kingine karibu na jiko. Dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, sabuni pembeni. Watoto wanakipenda, wanakigeuza mchezo.

Chanjo: ile ya matone ya rota ilianza kutolewa nchini 2013. Mtoto anaanza kuipata akiwa na wiki 6. Haizuii kila aina ya kuhara, lakini inazuia aina moja kali sana. Usiiruke.

Mtoto akianza kuharisha: endelea kunyonyesha, na umnyonyeshe zaidi. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, ukipima maji kama pakiti inavyosema. Chini ya miaka miwili, robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena polepole. Huna pakiti? Lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kisha njoo uchukue zinki, anatumia siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Usisubiri kesho ukiona haya: macho au utosi umezama, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, damu kwenye choo, amelegea au haamki vizuri, choo kama maji ya mchele kinachotoka mfululizo. Hata kama ni usiku. Mwamshe baba, atafute usafiri.

SEHEMU YA 6: YASIYOMALIZIKA JIKONI

Baba, hapa ndipo nilipokuita.

Nimempa mama orodha ndefu, na ni yeye anayeteka, anayechemsha, anayefua. Lakini kuna vitu hata achemshe mpaka asubuhi haviondoki. Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi dawa ya kupulizia nyanya. Hakuondoi oili ya pikipiki. Maji yakishaingiwa na sumu kule juu, jikoni hakuna ujanja. Na bustani ile ya ukingoni, mara nyingi, ni ya baba. Pikipiki ni ya kijana wetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ziwa au chanzo cha maji. Mita 60 siyo mbali, ni kama kutoka goli hadi kupita kidogo katikati ya uwanja wa mpira. Nendeni mkapime kwenye kijito chenu muone ni mashamba mangapi yamo ndani.

Chemchemi yenyewe inalindwa hivi: pale jicho linapotoka panajengewa kwa mawe na saruji, panawekwa bomba fupi ili watu wateke bila kukanyaga, juu yake unachimbwa mtaro wa kukinga maji ya mvua, na panazungushiwa uzio mifugo isiingie. Miti ya asili inaachwa. Mikaratusi isipandwe pale, inanyonya maji mengi na chemchemi zinapungua. Choo kisiwe juu ya mteremko wa chanzo. Kufua na kuosha pikipiki kuhamie chini kabisa, mbali na mtoni, maji machafu yaingie ardhini kwanza.

Haya yote yanahitaji mkutano wa kijiji na sheria ndogo. Kuna jumuiya za watumia maji, na tangu 2019 kuna RUWASA kwa upande wa vijijini. Kasulu pia ni mmoja wa miji 28 iliyo kwenye mradi mkubwa wa maji wa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa 2022. Fuatilieni, ulizeni, hiyo ni haki yenu. Ila wakati mnasubiri, kijito kipo leo na mtoto anakunywa leo.

Yule mama wa vichupa vitano aliviomba vile vichupa. Akavipeleka kwenye mkutano wa kijiji, akavipanga mezani mbele ya mwenyekiti, akaeleza kila kimoja kimetoka wapi. Hakusema maneno mengi, ni mtu wa aibu. Wanaume walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kubishana. Walikubaliana kujengea jicho la chemchemi, kila kaya ikachangia mawe na nguvu kazi, na kufua kukahamishwa chini. Bustani bado zina mgogoro. Wapo waliosogea, wapo waliogoma, wanasema hawana ardhi nyingine ya kiangazi, na wengine kweli hawana. Hilo bado linazungumzwa, na mimi sioni aibu kuwaambia halijaisha.

Mtoto wake alifikisha mwaka akiwa na kilo 9. Msimu uliofuata aliharisha mara moja, siku mbili, mama akamtibu nyumbani kwa pakiti na zinki, akaja kunionyesha kadi tu.

Kazi ya wiki hii ni moja. Shuka na kijito chenu, kisha geuka upande kwenda juu mpaka yanapoanzia. Hesabu kilichopo njiani: vyoo, bustani, madimbwi ya muhogo, sehemu za kuoshea, mizoga, pampasi. Nenda na mwenzako, na kama una mume nenda naye. Halafu ujiulize nyumba yako yenyewe iko juu ya nani.

Wiki ijayo tutazungumzia uji: unga wa nafaka tano tunaouamini kupita kiasi, na kwa nini dagaa na maharage vinatosha. Mkae salama, na mtoto akilegea usisubiri nikuambie.